Sauti ya Upande wa Pili wa Pazia

Mutuini, Jumanne, 4 Machi 2025

Kaluki,

Najua siku hizi wewe ni Sista Maria Filomena, lakini mimi nilikujua ukiangua kicheko katikati ya sala ya Masifu, kwa hivyo usinidai adabu leo. Ni mimi Kui. Yaani Muthoni Kibe, yule uliyepewa umlee pamoja na Ndanu tulipoingia utawa huko kwenu Mei 2010. Ulikuwa malaika wetu, ndivyo mlivyokuwa mnaita yule sista wa kuonyesha wageni njia. Mimi nikatoroka Januari iliyofuata kwa sababu ya uji usio na sukari. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mama yangu, na mpaka leo anaiamini.

Nakuandikia kwa mkono kama mtoto wa shule kwa sababu nyinyi hamna simu. Mtu wa boda atawaachia hii barua mlangoni kesho asubuhi.

Kaluki, Ndanu ni mgonjwa sana. Saratani ya tumbo. Ilijificha mpaka Desemba, na ilipojitokeza ilikuwa imemaliza kazi. Yuko hapa kwangu Mutuini, kwa kile chumba cha mwisho cha ploti yangu ya kupangisha, kile kiko karibu na migomba. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani, na nyumbani ni hapa, kwa sababu tangu mlipomrudisha amekuwa nami. Kazi yetu ni moja, duka langu la uchapishaji River Road. Yeye hupanga programu za mazishi na kadi za harusi kwa kompyuta, na kwa miaka yote hii hajawahi kukosea jina la marehemu wa mtu.

Ana swali moja tu kwako. Alikosea nini? Mlimlea miaka mitatu, mkampigia kura, halafu mkamwambia afungashe. Hakuna aliyempa sababu. Wewe ulikuwa ndani ya hicho chumba cha kura. Mwandikie, aki ya Mungu, hata mistari miwili. Daktari anasema hatafika Pasaka.

Wako,
Kui

*

Mutuini, Alhamisi, 20 Machi 2025

Kaluki,

Ndanu alikufa juzi Jumanne, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Wiki mbili nzima nilikuwa nikisikia pikipiki inaingia kwa ploti natoka mbio. Mara ni mpangaji, mara ni mtu wa gesi. Hata mstari mmoja, Kaluki? Mimi nimeona watu wagumu, nimefanya biashara River Road, lakini nyinyi mmenishinda.

Tunamzika kwao Kitui Jumamosi ya tarehe 29. Nimekuambia tu. Sijakualika.

Kui

*

River Road, Jumatatu, 31 Machi 2025

Kaluki,

Niliapa sitakuandikia tena, na ona nimekaa hapa na kalamu. Kuna mambo mawili, na sina mtu mwingine wa kumwambia ambaye atayaelewa.

La kwanza ni aibu. Nilipokuwa nachapa programu ya mazishi, Kitavi, kakake mkubwa, alinipigia simu akasema ile miaka mitatu ya utawa niiruke. Nikakataa, nikaandika vizuri kabisa: "Mei 2010 hadi Juni 2013, malezi ya kitawa." Basi pale kaburini Kitavi akashika maikrofoni, mbele ya padri na jumuiya nzima, akasema, "Dada yetu tulimpeleka kwa masista, wakamrudisha. Sababu wanaijua wao." Watu wakaangalia chini. Wewe ni mtoto wa Machakos, hutahitaji kutafsiriwa walikuwa wanafikiria nini. Mimba, ama wizi. Mama yake hakuinua kichwa tangu hapo mpaka kaburi lilipofunikwa. Miaka kumi na miwili huyo mama anaamini binti yake alifanya jambo baya, na sasa binti amekufa na hakuna wa kumwambia vingine. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

La pili sijui hata niliweke kwa neno gani.

Leo nilirudi kazini, na saa sita kamili Odero akazima mashine kubwa ya kuchapa. Unamkumbuka? Hapana, humjui. Odero ni mtu wangu wa mashine, Mjaluo mrefu, haendi kanisa lolote. Nikamuuliza, kwani stima imepotea? Akasema, "Ni saa ya Ndanu." Ati kila siku saa sita alikuwa anasimama pale dirishani, uso umeelekea ukuta wa jengo la pili, midomo ikienda polepole. Tena saa tisa. Tena asubuhi kabla hatujafungua. Nilidhani anapumzisha macho! Odero akaniambia, "Hakuna siku aliniambia nizime. Nilikuwa tu naona haya kuacha mashine ipige kelele."

Nikateremka. Yule mama wa vipuri vya pampu, ghorofa ya kwanza, naye alikuwa anapunguza redio. Mzee Hezekiah, mlinzi wa lodging, ile nyumba ya wageni ya nyuma, alikuwa anavua kofia. Hakuna aliyejua kwa nini. Jengo zima la River Road, Kaluki, lilikuwa linashika saa zenu za sala, na mimi mwenye duka ndani yake nilikuwa sijui kitu.

Nimefungua chumba chake. Kitanda kimoja, sahani moja, na kitabu cha zaburi ambacho kurasa zake zimelainika kama noti ya zamani. Ndani yake ratiba yenu yote, ameinakili kwa mkono. Aliishika yote. Peke yake, bila kengele, bila nguo ya kitawa, bila mtu wa kumpongeza.

Na kitu kingine. Kila Alhamisi saa tisa na nusu alikuwa ananiaga, ati kuna nyumba anafua Spring Valley. Odero anasema hakuwa anafua. Alikuwa anakuja kusali kwenye kanisa lenu, upande wa watu wa nje.

Mlijua?

Kui

*

Spring Valley, Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Kui mpendwa,

Amani ya Bwana Mfufuka iwe nawe. Barua zako tatu nilizikuta jana asubuhi kando ya kikombe changu, zimefungwa pamoja kwa uzi. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka hatupokei barua wala hatuandiki. Mama Mkuu huziweka kwenye droo yake bila kuzifungua. Wewe ulituacha Januari, kwa hiyo Kwaresima ya humu hukuionja, na mimi malaika wako sikuwahi kukuambia. Boda wako alifika Jumatano ya Majivu yenyewe. Angefika jioni ya kuamkia siku hiyo, Ndanu angepata jibu.

Nilizisoma kwa mpangilio. Mwanzoni mwa ile ya kwanza nilicheka, maana uji bado ni ule ule. Nilipofika ya pili niliinamia meza. Sista aliyekaa kando yangu aliniwekea mkono mgongoni bila kuuliza.

Unauliza alikosea nini. Hakukosea kitu, Kui. Si mimba, si wizi, si uvivu, si ulimi. Ninavyokuandikia sasa navunja siri ya mkutano wetu, na barua zetu hutoka humu bila kufungwa, kwa hiyo Mama Perpetua, Mama Mkuu wetu wa sasa, atasoma haya kabla yako. Anaweza kuyachana. Nimeamua kuyaandika hata hivyo.

Novisi anapomaliza malezi, masista wenye nadhiri za daima humpigia kura. Kila mmoja hupewa punje ya hindi na haragwe moja, huvificha chini ya vazi, kisha hupita mbele ya kisanduku na kutia kimoja. Hindi ni ndiyo. Tulikuwa kumi na wawili. Kisanduku kilipofunguliwa palikuwa na mahindi sita na maharagwe sita. Zikilingana, novisi anarudi kwao. Ilikosekana punje moja tu.

Haragwe moja lilikuwa langu.

Nitakuambia sababu, na usinitafutie kisingizio. Mwaka ule nilivunja taa ya mafuta ya sakristia, ile iliyoletwa na waanzilishi wa nyumba. Mama Mkuu aliyekuwepo wakati huo aliuliza ni nani. Kabla sijafungua mdomo Ndanu alikuwa ameshapiga magoti. Alijua ni mimi, alikuwa ameniona. Wiki nzima alikula chakula chake sakafuni, adhabu iliyokuwa yangu, na kila nilipopita aliniinulia uso uleule wa siku zote, bila dai lolote, kana kwamba nimemfanyia hisani. Nikawaza, huyu nitaishi naye miaka arobaini. Kila siku nitamwona, na kila siku nitajiona. Mimi niliyemfundisha kufunga kilemba! Nikaogopa, Kui. Nilimkataa kwa sababu alikuwa mtakatifu na mimi sikuweza kuvumilia kukaa karibu.

Sasa kuhusu Alhamisi.

Alhamisi ni zamu yangu kuanzisha zaburi za jioni. Jioni ile ya kura sauti ilinikatika katika mstari wa kwanza, na tangu hapo sikuiamini tena. Wiki chache baadaye, niliposhindwa, sauti ya mwanamke ilitoka upande wa watu wa nje, nyuma ya wavu na pazia, ikaushika mstari pale pale ulipoangukia na kunipitisha. Alhamisi iliyofuata ikawa hivyo. Na iliyofuata. Pazia haliruhusu kuona. Nilimwambia Mama kwamba nadhani ni malaika, akaagiza niongezewe yai asubuhi. Miaka kumi na miwili, Kui! Ningekuwa nimeshaondoka humu zamani kama si sauti ile. Januari ilinyamaza. Nikadhani Mungu amechoka nami.

Jana nilipofika pale ulipoandika "kila Alhamisi", niliiweka barua chini nikatoka nje kwenye kabichi nikasimama. Hatukujua. Mimi sikujua. Nilikuwa nikiegemea mtu niliyemfukuza.

Kaluki wako,
Sista Maria Filomena

Nimeisoma. Kwa kanuni ilinipasa niichane. Iende.
Mama Perpetua

*

Mutuini, Ijumaa, 25 Aprili 2025

Kaluki,

Mara ya kwanza nilipomaliza barua yako nilitaka kuja kurusha mawe kwa hilo lango lenu. Nilimwambia Odero mambo yote, akazima mashine na haikuwa saa ya sala. Haragwe! Mtu anatolewa kwenye maisha yake na haragwe, na aliyelitia ni yule aliyempangia kitanda siku ya kwanza.

Lakini nawe umesema ukweli bila kuzunguka, basi nami wacha niseme wangu.

Lile swali halikuwa la Ndanu. Lilikuwa langu.

Nilimwambia nataka kukuandikia. Alikuwa ameketi kitandani, nikimkamulia machungwa. Akasema, "Mwandikie, umsalimie. Lakini mambo ya kura usimuulize." Nikamuuliza kwa nini, huna haki ya kujua? Akasema, "Mimi najua. Nilijua jioni ile ile. Kaluki hajawahi kukosa sauti. Alipoanza zaburi akashindwa, nilikuwa bado nimesimama kiti cha pili kutoka kwake, nikamalizia ule mstari. Nikasema moyoni, maskini, huyu atahitaji mtu." Halafu akaniambia, na nakuandikia kama alivyosema, "Ukimuuliza atasema ukweli, anavyojua kujitesa. Na mimi sitakuwa huko Alhamisi kumshikia."

Mimi nikaona ni homa. Sikuelewa Alhamisi ni nini. Nikaona mtu anakufa na hata anakataa haki yake, nikakasirika kwa niaba yake, nikaandika swali nikamsingizia. Kwa hivyo usidhani alikufa akingoja jibu. Mimi ndiye niliyekuwa nangoja. Siku ya mwisho aliniuliza tu kama ni Alhamisi. Nikamwambia ni Jumanne, akasema sawa.

Tangu barua yako nimekuwa nikitembea River Road kama mtu aliyepigwa na radi akabaki mzima. Nilikula na huyu mtu. Nilimkaripia kwa sababu ya wino! Alijua ni wewe, akapanda gari kila wiki kuja kukubeba, akarudi akanipangia kadi za harusi, na hakuna siku alitoa hata pumzi ya kulalamika. Watu wa aina hiyo huwa tunawaona kwa vioo vya kanisa. Sikujua wanaweza kudaiwa kodi ya nyumba na mimi.

Sasa nisikilize. Msamaha wake umekuwa nao miaka kumi na miwili na hukuuomba. Hilo ni lako na Mungu. Lakini kule Kitui kuna mama anayeamini alizaa mwizi ama malaya. Nimempigia simu nikamwambia binti yake hakuwa na kosa, akaniambia, "Wewe ni rafiki yake, utasema nini kingine?" Na ana haki. Mimi nilitoroka hapo kwenu, neno langu ni bure. Barua pia haitafaa, Kitavi atasema nimeichapa mwenyewe, si ndiyo kazi yangu. Anahitaji sista mwenye vazi, aliyekuwa ndani ya chumba, aseme kwa mdomo wake.

Najua hamtoki. Nimesema tu.

Kui

*

Spring Valley, Jumatatu, 19 Mei 2025

Kui mpendwa,

Nimetoka, na nimerudi. Nitakuambia yote kwa utaratibu.

Barua yako niliisoma mbele ya Mama Perpetua, yote, hata pale pa mawe. Kisha akaitisha mkutano, nami nikapiga magoti katikati nikasema mbele ya masista ni kura gani niliyotia na kwa nini. Kati ya wale kumi na wawili tumebaki saba. Sikutegemea mtu aseme lolote. Sista Muigai akasimama akasema, "Na mimi." Alikuwa amesikia kwamba kwao Ndanu ni maskini, akahofia ndugu zake watakuja kuomba omba mlangoni. Mwingine akasimama. Miaka yote hiyo kila mmoja wetu alijiona ndiye mwenye punje iliyokosekana, na tukawa tunapitishiana chumvi mezani.

Kisha Sista Ajwang, ambaye sasa ana miaka themanini na nane, akagonga sakafu kwa mkongojo. "Mwaka ule macho yangu yalikuwa na ukungu," akasema. "Nilipapasa tu chini ya vazi. Mpaka leo sijui nilitia nini." Tulicheka, Kui, tulicheka vibaya, na kabla hatujamaliza kucheka tulikuwa tunalia sote.

Kwa kanuni yetu tunatoka kwa hospitali na kwa kupiga kura za nchi, basi. Mama akasema hii ni hospitali. Alhamisi iliyopita nilisafiri hadi Kitui na Sista wa mlangoni. Sikuwa nimetoka kwa safari ndefu tangu 2003. Sitakusimulia barabara, maana nilifumba macho sehemu kubwa yake.

Mama yake Ndanu tulimkuta akipepeta mbaazi. Nilimsalimu kwa Kikamba, nikamwita mwaitu, mama yangu, naye akaitikia bila kuacha ungo. Nikakaa chini nikamwambia. Kwamba mwanawe hakuiba, hakubeba mimba, hakukosa utii hata siku moja. Kwamba alirudishwa kwa kura, na kura moja ilikuwa yangu, na niliitia kwa sababu alinizidi wema.

Akaweka ungo chini. Akaita, "Kitavi!" Kitavi akaja na mikono yenye grisi. "Sema tena," mama akaniambia. Nikasema tena. Akamtuma mjukuu akawaite majirani wawili wa jumuiya, akanifanya niseme mara ya tatu, nimesimama, kwa sauti, uani pale. Kitavi aliinama akashika magoti yake kama mtu aliyekimbia mbali, kisha akaenda nyuma ya nyumba na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Kisha mama akanichukua mkono akanipeleka kaburini, mimi na yeye tu. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa tayari hata anipige, na ningeshukuru.

Akasema, "Kila Desemba alikuja. Jumuiya ikisali hapa kwangu, aliniomba aongoze rozari. Nilimwambia akae nyuma, watu wasiseme. Kila Desemba. Hakuniambia hata mara moja kwamba hana kosa. Alikaa nyuma akaitikia."

Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, kwamba kosa ni langu, si lake. Akanitazama, akaona ninachotaka kusema, akatikisa kichwa.

"Kumbe tuko wawili," akasema. Akatandika kanga yake kando ya udongo, akajisogeza kunipa nafasi. "Kaa."

Nikakaa.

Kaluki wako,
Sista Maria Filomena